Kuzidisha matumbawe laini katika tangi la nyumbani: kukata, kushikiza na kuuguza

Kulikata tumbawe laini ni kazi ya dakika moja na wembe. Ugumu huanza baada ya hapo. Kipande kilichokatwa hutoa ute mwingi, na ute huo hukataa gundi, hukitelezesha kipande juu ya jiwe, na ukituama juu ya kidonda huleta uozo. Vipandikizi vingi vinavyopotea vimekatwa vizuri kabisa. Huokotwa nyuma ya mawe siku ya tatu vikiwa vimeng'oka na kuanza kunuka. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kushikiza na kuuguza.

Kwa nini kipande huishi

Tumbawe laini la kweli ni koloni la polipi (vinyama vidogo vyenye mdomo na minyiri), kila polipi ikiwa na minyiri minane yenye vinyoya pembeni. Polipi zimezama ndani ya mwili mmoja wa nyama na zimeunganishwa kwa vijifereji vinavyogawana chakula. Hakuna kiungo kimoja kinachoitawala koloni nzima, kwa hiyo kipande chenye polipi kadhaa na nyama yenye afya kina kila kinachohitajika ili kuanza upya. Ndani ya nyama kuna vijiwe vidogo sana vya kalsiamu kaboneti vinavyolipa shina ugumu wake; ndivyo vinavyokwaruza chini ya wembe na kuupunguza makali haraka kuliko unavyotarajia.

Chakula kingi cha kipandikizi hutoka kwa vimwani vinavyoishi ndani ya seli zake. Vikipata mwanga hutengeneza sukari, na kipande huweza kupona hata kabla polipi hazijachanua. Dendronephthya, yale matumbawe yenye rangi nyekundu na chungwa inayong'aa, hayana vimwani hivyo. Hutegemea chembe za chakula majini usiku na mchana, na kwenye matangi mengi hufa polepole hata bila kukatwa. Usiyaguse.

Uyoga wa baharini (Discosoma, Rhodactis, Ricordea) na zoanthidi (polipi kama vitufe zinazoishi kwa makundi) ni wa ukoo mwingine, wenye minyiri inayofuata mpangilio wa sita. Lakini hufugwa pamoja na matumbawe laini na huzidishwa kwa njia zinazokaribiana, kwa hiyo yamo humu.

Kabla ya kushika wembe

Koloni mama iwe imekaa tangini kwako miezi miwili au mitatu, inachanua kila siku, na ukuaji wake unaonekana kwa macho. Koloni iliyoingia juzi bado inazoea mwanga na maji yako. Kuikata wakati huo ni kuiongezea mzigo wa pili kabla haijautua wa kwanza. Vivyo hivyo, Sarcophyton (mojawapo ya matumbawe ngozi) lililofunga polipi na kung'aa kama limepakwa nta linabadili ngozi yake ya juu. Hali hiyo huweza kuchukua siku chache au zaidi ya wiki. Subiri ngozi itoke na polipi zirudi.

Pima maji siku moja kabla. Viwango vinavyofaa ni hivi: joto nyuzi 24 hadi 26, uzito mahsusi 1.025 hadi 1.026, alkalini (uwezo wa maji kuhimili asidi, unaopimwa kwa dKH) 8 hadi 9, kalsiamu miligramu 400 hadi 450 kwa lita, magnesiamu 1250 hadi 1350, naitreti 5 hadi 15, fosfeti 0.03 hadi 0.1. Amonia na naitraiti zisionekane kabisa. Angalia kwamba naitreti haijawekwa sifuri. Maji yaliyosafishwa kupita kiasi huyadhoofisha matumbawe laini, na xenia, tumbawe laini lenye shina laini mno, ndiyo huanza kunyong'onyea.

Kama tangi lako lina matumbawe magumu, fikiria mara mbili kuhusu wingi. Sarcophyton, Lobophytum na Sinularia yana kemikali za kundi la terpeni ambazo huyatumia kupigana na majirani, na kukata huzimwaga nyingi kwa wakati mmoja. Kwenye tangi la chini ya lita 200, kata koloni moja tu kwa siku na uache angalau wiki mbili kabla ya nyingine.

Vifaa

Nyembe mpya au kisu cha upasuaji chenye makali ya kubadilisha, mkasi wa chuma kisichoshika kutu, glavu za nitrili, miwani ya kukinga macho, mabakuli matatu ya plastiki, vitako vya seramiki au vijiwe vya matumbawe makavu vya sentimita 2 hadi 3, rababendi nyembamba, vijiti vya meno vya plastiki, sindano ya kushonea na mshipi mwembamba wa kuvulia, neti laini yenye matundu ya milimita 3 hadi 5, supaglu ya jeli yenye sianoakrilati, myeyusho wa ayodini wa Lugol wa asilimia 5, kaboni amilifu, na bomba kubwa la sindano lisilo na sindano kwa ajili ya kupulizia maji.

Mabakuli yote yajazwe maji ya tangi lenyewe, yasiwe maji mapya. La kwanza ni la kukatia, la pili la kusuuzia ute, la tatu la ayodini: matone 5 kwa lita moja ya maji. Andaa pia maji mapya ya chumvi ya kutosha kubadilisha asilimia 20 ya tangi. Yawe yamechanganywa tangu jana na yana joto sawa na tangi.

Matumbawe ngozi: Sarcophyton na Lobophytum

Haya ndiyo mazuri ya kujifunzia, kwa sababu yanavumilia mengi na kisiki hakifi kirahisi.

1. Zima pampu. Pangusa kichwa cha koloni taratibu kwa kidole chenye glavu mpaka polipi zote zifunge na kichwa kinywee. Koloni iliyonywea hukatika kwa unyoofu. Iliyovimba maji huteleza na kuchanika.

2. Ikiwa jiwe linatoka, lihamishie kwenye bakuli la kwanza. Ikiwa halitoki, katia humo humo tangini, huku ukivuta ute kwa mpira wa kunyonyea maji ulioushika karibu na kidonda.

3. Kata shina kwa mlalo chini kidogo ya kichwa, kwa mkato mmoja mrefu. Usikeketekekete. Acha kisiki cha sentimita 3 hadi 5. Kisiki hicho hujikunja juu na kufunga kidonda, na ndani ya wiki chache polipi ndogo huanza kuchipua ukingoni. Baada ya miezi kadhaa huwa kichwa kipya.

4. Weka kichwa juu ya ubao safi wa plastiki, upande wa polipi chini, na ukikate kuanzia katikati kwenda nje. Kichwa cha sentimita 12 hutoa vipande 6 hadi 8. Tamaa ya kupata 20 huishia kwenye vipande vya sentimita moja vinavyobingirika kila mahali na kuchukua muda mrefu kuwa na umbo. Kipande kizuri kina upana wa sentimita 3 au 4.

5. Suuza kila kipande kwenye bakuli la pili kwa kukitikisa nusu dakika, kisha kiloweke kwenye ayodini dakika 10. Suuza tena. Maji ya mabakuli yote matatu yamwagwe. Hata tone lisirudi tangini.

Sasa kushikiza. Supaglu haifai hapa, ingawa itaonekana kama imeshika. Gundi hushika ile ngozi ya juu, na siku chache baadaye tumbawe huivua ngozi hiyo pamoja na gundi yako na kuondoka. Kuna njia tatu zinazofanya kazi.

Kijiti na rababendi ndiyo njia ya kwanza kwa vipande vyenye unene. Pitisha kijiti cha meno katika nyama kwa mlalo, milimita 5 juu ya upande uliokatwa. Kaza upande huo juu ya kitako, kisha pitisha rababendi chini ya kitako na uzitie ncha zake mbili kwenye ncha mbili za kijiti. Rababendi ivute kijiti na isiguse nyama. Ikipita juu ya nyama na kuibana, itaikata vipande viwili ndani ya siku tatu au nne, na utabaki na nusu iliyooza na nusu iliyopotea.

Neti ni njia ya pili, kwa vipande bapa. Weka kipande juu ya kijiwe chenye uso mkwaruzo, kidonda chini, kifunike kwa neti na ufunge neti kwa rababendi chini ya jiwe. Neti ilegee kidogo: ikibana, ute unakosa njia. Ivue baada ya siku 7 hadi 10, kwa sababu nyama hupenda kuota kupitia matundu, na ukichelewa utalazimika kukata tena.

Kushona ni njia ya tatu, na inawafaa zaidi Sinularia wenye matawi kama vidole. Kata tawi la sentimita 4 au 5 mahali linapoungana na tawi kubwa, pitisha sindano yenye mshipi katikati ya shina, na ufunge mshipi kuzunguka kijiwe. Tawi likisimama wima ni vizuri. Likilala nalo litashika, ila litaota likiwa limepinda.

Njia yoyote utakayochagua, jaribu kukivuta kipande polepole baada ya siku 10. Kikikataa kutoka, nyama imeshika. Kikisogea, kiache wiki nyingine.

Capnella, xenia na nyota za kijani

Capnella hujizidisha yenyewe kwa kudondosha vijitawi, na mara nyingi kazi yako ni kuviokota tu. Ukitaka kukata, chukua tawi la sentimita 3 hadi 5, liweke kwenye kikombe chenye vijiwe na neti juu. Litalegea kama limekufa kwa siku moja au mbili. Liache.

Xenia haitaki kushikwashikwa. Usiibane kwa vidole na usiitoboe kwa kijiti. Shina lake ni laini mno. Kata shina sentimita moja juu ya jiwe, mimina kipande ndani ya kikombe chenye vijiwe vya sentimita moja hivi, weka neti juu, na ukiache kikombe mahali penye mkondo mdogo. Baada ya siku 3 hadi 5 huwa imejishika kwenye kijiwe cha kuchagua yenyewe. Ayodini haihitajiki. Njia rahisi kuliko hii ni kuegemeza kijiwe kikavu kando ya koloni. Xenia hutambaa, itapanda juu ya kijiwe, na wiki chache baadaye unakata kiungo kilichobaki. Jiwe lake likae peke yake, limezungukwa na mchanga, la sivyo itatambaa juu ya kila jirani.

Nyota za kijani, zile zenye zulia la zambarau, ni rahisi kupita zote. Ingiza wembe chini ya zulia, ulibandue, ulikate kwa mkasi vipande vya sentimita 2 kwa 2. Kausha upande wa chini kwa karatasi laini, weka tone la supaglu ya jeli kwenye kitako kilichokaushwa, kandamiza sekunde 20, kisha rudisha majini. Hapa gundi hushika vizuri, kwa kuwa zulia ni gumu na halitoi ute mwingi. Polipi hufunguka ndani ya siku chache hadi wiki. Nazo zisiwekwe kamwe kwenye jiwe kuu la tangi: kuziondoa huko baadaye ni mateso.

Uyoga wa baharini

Kwa Discosoma, pitisha wembe kati ya mguu na jiwe. Mabaki ya nyama yanayobaki jiweni usiyakwangue, kwa maana huota uyoga mpya. Kilaze kisahani (mwili bapa wa uyoga) kwenye ubao na ukikate katikati kupitia mdomo, kisha nusu hizo tena kama kisahani kina zaidi ya sentimita 5. Vipande vitajikunja na kutoa ute kama kamasi. Suuza mpaka ute upungue.

Usijaribu gundi. Vitie kwenye chombo kipana chenye vijiwe vya sentimita 1 hadi 2, neti juu, mkondo mdogo sana, mwanga hafifu. Ndani ya wiki moja au mbili huwa vimeshika vijiwe, na hapo ndipo gundi ina kazi: unabandika kijiwe juu ya kitako, si nyama. Mdomo mpya huonekana baada ya wiki kadhaa.

Ricordea hupona taratibu. Igawe vipande viwili tu, kupitia mdomo, na usikate yenye upana chini ya sentimita 3.

Zoanthidi: hatari ya kweli

Baadhi ya zoanthidi, hasa wa jenasi Palythoa, wana palitoksini, sumu iliyotengwa kwa mara ya kwanza mwaka 1971 na ambayo ni miongoni mwa sumu kali zaidi zinazotengenezwa na viumbe. Huingia kupitia mkwaruzo wa ngozi, jicho au mvuke. Haina dawa maalumu ya kuiua mwilini, na kuchemsha hakuiharibu. Watu na familia zao wamelazwa hospitali baada ya mawe yenye zoanthidi kumwagiwa maji ya moto au kuchemshwa. Kwa macho huwezi kujua koloni ipi ina sumu nyingi.

Kwa hiyo: usichemshe jiwe, usilisugue kwa brashi likiwa nje ya maji, usitumie maji ya moto wala msumeno wa umeme. Fanya kazi chumba chenye hewa, watoto na wanyama wakiwa mbali, ukiwa na glavu ndefu, miwani na barakoa. Katia chini ya maji ndani ya bakuli, ili polipi zisikurushie majimaji usoni, na pitisha wembe kati ya polipi moja na nyingine bila kuzipasua. Vifaa na maji machafu vitiwe dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini, sehemu moja kwa tisa za maji, viachwe nusu saa. Usichanganye dawa hiyo na siki wala asidi yoyote. Ukihisi ladha ya chuma mdomoni, homa, maumivu ya misuli au kubanwa kifua, toka nje, nenda hospitali mara moja na utamke jina palitoksini.

Kwa anayeanza, ni afadhali kuegemeza kijiwe kando ya koloni na kungoja polipi zihamie. Ni polepole, lakini mkato unaobaki ni wa uzi mmoja wa nyama.

Wiki mbili za kwanza

Siku ile ile ya kukata, badilisha asilimia 20 ya maji na uweke kaboni amilifu, kikombe kimoja kwa kila lita 200, iliyosuuzwa mpaka maji yatoke safi. Ibadilishe baada ya siku 4, kwa kuwa terpeni huijaza haraka. Skima (kifaa kinachotoa uchafu majini kwa povu) inaweza kufurika povu usiku wa kwanza. Panua nafasi ya kikombe chake au ipunguze nguvu, lakini usiizime.

Vipandikizi vya ngozi viwekwe sehemu yenye mwanga wa PAR (kipimo cha mwanga unaotumika kwa usanisinuru) 50 hadi 80, hata kama mama yao alikuwa kwenye 150. Vipandishwe polepole kuanzia wiki ya tatu. Mkondo uwe wa kupitapita, unaozitingisha kingo za nyama na kuubeba ute. Mkondo wa moja kwa moja kutoka kwenye pampu hung'oa, na maji yaliyotulia huozesha. Kati ya makosa hayo mawili, la pili huua zaidi. Kila asubuhi pulizia kidonda kwa bomba la sindano.

Usiwalishe samaki kupita kiasi wakati huu, na usiongeze dawa za chupa za kukuza matumbawe. Kidonda kinahitaji maji yasiyobadilika.

Yanapoharibika

Kipande cha ngozi kisichofungua polipi kwa siku 10 hadi 14 si mgonjwa, mradi nyama ni imara na rangi haijafifia. Kikiwa na utando wa nta, upulizie utoke.

Ukingo ukigeuka ute wa kahawia au mweupe unaonuka, toa kipande mara moja. Kata nyama yote iliyolainika pamoja na milimita 5 za nyama nzima, loweka kwenye ayodini dakika 10, rudisha mahali penye mkondo zaidi. Uozo ukishapita nusu, tupa. Kipande kinachooza ndani ya tangi dogo hupandisha amonia na kuwaambukiza wenzake waliobanana nacho.

Matumbawe magumu yakijifunga siku moja baada ya kazi, ni terpeni. Kaboni mpya na badiliko jingine la asilimia 20 la maji kwa kawaida hutosha.

Mwani ukiota kwenye vitako, usugue kitako tu, kisha weka konokono wadogo. Kaa wakubwa na urchini hupindua vipandikizi na kuvibeba.

Polipi zikitoweka kwa viraka vinavyoongezeka kila asubuhi, mulika kwa tochi saa mbili baada ya taa kuzimwa. Konokono wasio na gamba wa jenasi Phyllodesmium hula matumbawe laini na hufanana nayo kwa rangi kiasi kwamba mchana humwoni. Mtoe kwa kibano, tafuta mayai yake meupe yaliyojikunja chini ya kichwa au kwenye shina na uyakwangue, kwa sababu kulowesha hakuyaui. Rudia ukaguzi kila baada ya siku 5 kwa wiki tatu.

Kipandikizi kiko tayari kuhamishwa au kupewa mfugaji mwingine pale nyama inapokuwa imepanuka juu ya kitako pande zote, polipi zinachanua kila siku, na kidonda hakionekani tena. Kwa xenia na nyota za kijani ni wiki tatu hivi, kwa ngozi wiki sita hadi nane. Kwa safari, kifunge siku hiyo bila kukilisha, kwenye mfuko wake wenyewe, maji theluthi moja na hewa theluthi mbili. Xenia husafiri vibaya kuliko zote, kwa hiyo mfuko wake uwe na maji mengi zaidi na safari iwe fupi.